Mtu aliyesimama pembeni: historia ya ukingo wa picha, toka kaseti hadi kompyuta

Familia inapokimbia, inabeba kile ambacho mikono inaweza kubeba: sufuria, blanketi, vyeti vya watoto, kitenge kimoja au viwili. Hata hivyo katika mifuko mingi ya wahami wa Kivu kuna pia kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi: kaseti ya video. Ni kaseti ya arusi, ya ubatizo, ya matanga ya babu, au ya sherehe ya diploma. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia katikati ya mji wa Goma, watu wengi walivuka kwenda Gisenyi bila kujua kama watakuta nyumba wakirudi. Kwa waliopoteza nyumba, kaseti iliyookolewa ikawa mahali pa mwisho ambapo ile nyumba ingali imesimama. Vita vilivyofuata viliwahamisha wengine mara ya pili na ya tatu, na kaseti ikahama nao.

Leo mashine za kuchezesha kaseti hizo zimekuwa chache. Kwa hiyo mwenye kaseti anaipeleka kwa kijana wa kartie mwenye kompyuta na kadi ya kunasa video, ili picha ihamishiwe kwenye kitufe cha USB au kwenye simu. Kijana anafungua programu, na mbele yake linatokea dirisha dogo lenye namba. Upande mmoja linauliza: ukate kiasi gani kushoto, kulia, juu na chini? Upande mwingine linauliza: picha itoke na upana gani, na kimo gani? Mara nyingi namba hizo zinaandikwa upesi, shauri ya umeme kukatika au foleni ya wateja kuwa ndefu. Lakini ni hizo namba zinazoamua kama yule shangazi aliyesimama pembeni siku ya arusi atabaki katika picha au ataondoka kabisa.

Hakuna namba hata moja katika lile dirisha iliyowekwa kwa bahati. Kila moja ina historia yake, na historia hiyo ina zaidi ya miaka 130.

Umbo lililotoka kwenye utepe wa filamu

Mwanzo wake uko Marekani. Karibu na mwaka wa 1892, katika maabara ya Thomas Edison, William Kennedy Laurie Dickson alikuwa akitafuta namna ya kupiga picha zinazotembea. Alichukua filamu ya Eastman yenye upana wa milimita 70, akaikata katikati kwa urefu, akapata utepe wa milimita 35. Akatoboa matundu pembeni, manne kwa kila picha, ili mashine iweze kuuvuta utepe. Nafasi iliyobaki kati ya matundu ilimpa picha yenye upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu. Ndilo umbo linaloitwa 4:3.

Sinema ya dunia nzima ikafuata umbo hilo. Mwaka wa 1909, wakubwa wa sinema walipokutana Paris, filamu ya milimita 35 ilikubaliwa kuwa kipimo cha wote. Televisheni ilipozaliwa, nayo ikaelekea kulekule. Uingereza ilipoanza matangazo yake mwaka wa 1936, picha yake ilikuwa ya mraba kidogo zaidi, 5:4, lakini mwaka wa 1950 BBC ikaacha umbo hilo na kuchukua 4:3. Marekani ilikuwa imekwisha kulichagua mwaka wa 1941, ilipoweka kipimo chake cha mistari 525.

Ndiyo maana karibu kila kaseti ya zamani iliyoko Goma, Bukavu, Uvira au Butembo ina picha ya 4:3.

Televisheni iliyoficha kingo

Televisheni za zamani zilikuwa na tumbo kubwa nyuma. Ndani mlikuwa chupa nzito ya kioo, na mionzi ilipita mbele ya chupa hiyo mstari baada ya mstari, ikichora picha. Chupa hizo zilikuwa na pembe za duara, na picha yake haikutulia. Umeme ukipungua nguvu, picha ilisinyaa. Chupa ikizeeka, picha ilisogea. Wakaaji wa miji yetu, ambako umeme hupanda na kushuka mara kadhaa kwa usiku mmoja, waliyaona hayo kwa macho yao.

Watengenezaji hawakutaka mnunuzi aone ukanda mweusi kuzunguka picha. Wakafanya ujanja rahisi: waliikuza picha hadi kingo zake zikapita nje ya kioo, zikafichwa nyuma ya fremu ya plastiki. Kila televisheni ilificha kiasi chake, na hapakuwa na mbili zilizofanana kabisa.

Watu wa televisheni walilijua jambo hilo. Katika studio kubwa, kipimo kilichozoeleka kilikuwa kwamba kila jambo la maana lifanyike ndani ya asilimia 90 ya upana na asilimia 90 ya kimo. Hesabu hiyo ni nyepesi kuifanya: asilimia 90 ya asilimia 90 ni asilimia 81. Karibu moja ya tano ya eneo la picha ilihesabiwa kuwa hatarini kutoonekana. Msomaji wa habari aliwekwa katikati, na jina lake likaandikwa mbali na ukingo.

Wazee wa Zaire wanaikumbuka picha iliyofungua habari za jioni za televisheni ya taifa: kichwa cha Mobutu kikishuka toka mawinguni. Kilikaa katikati. Pembeni palikuwa na mawingu tu, na hata kama televisheni ya jirani ilikula ukingo, ilikula mawingu.

Kaseti ya familia haikupangwa namna hiyo. Mpiga picha wa arusi alikuwa na kamera begani, watu wakimsukuma. Bwana na bibi arusi walikuwa katikati, sawa. Lakini nyanya aliyekaa kwenye kiti cha mwisho, mtoto aliyechungulia mlangoni, mjomba aliyetoka mbali na akachelewa, wote hao walikuwa pembeni. Kaseti iliwanasa, ila televisheni ya sebuleni iliwaficha. Familia inaweza kuwa imetazama kaseti ileile miaka ishirini bila kuwaona hata siku moja.

Kadi ya kunasa video haina fremu ya plastiki. Inachukua karibu picha yote, pamoja na kingo zake. Hivyo siku kaseti inapohamishiwa kwenye kompyuta, ndipo kwa mara ya kwanza watu hao wanaweza kuonekana. Na siku hiyohiyo ndipo programu inapouliza: ukate kiasi gani?

Rangi zilizogawanya jirani na jirani

Kabla ya kukata, kijana wa kompyuta anaulizwa swali lingine: kaseti hii ni PAL, SECAM au NTSC? Nalo lina historia, na historia hiyo ilipita katika mipaka yetu.

Ulaya ilipotaka televisheni ya rangi, mataifa hayakuelewana. Ufaransa ilikuwa na mfumo wa SECAM, kazi ya Henri de France. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na PAL, kazi ya Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Marekani ilikuwa na NTSC tangu miaka ya 1950. Mwaka wa 1966 wataalamu walikutana Oslo wakijaribu kuchagua mfumo mmoja, wakashindwa. Mwaka uliofuata, 1967, Ujerumani ilianza PAL mwezi wa Agosti na Ufaransa ikaanza SECAM mwezi wa Oktoba.

Televisheni ya Kongo ilizaliwa Kinshasa mwaka huohuo wa mkutano wa Oslo, 1966. Rangi ilipokuja, Zaire iliingia upande wa SECAM, kama nchi nyingi zinazosema Kifaransa, na Burundi pia. Uganda, Kenya na Tanzania zilichukua PAL. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, nayo kwa PAL. Kivu ikawa mahali ambapo mifumo miwili inapakana kama mashamba mawili.

Wafanyabiashara hawakujali mpaka huo. Kamera zilitoka Nairobi, Kampala au Dubai, zikiwa za PAL. Zilipiga picha za arusi huku kwetu, na kaseti zikachezeshwa kwenye televisheni za SECAM. Matokeo wengi wanayakumbuka: picha inatembea vizuri, sauti ipo, lakini rangi hakuna. Watu walidhani kaseti imeharibika, kumbe rangi ilikuwamo, ila televisheni haikuielewa lugha yake. Televisheni za mifumo mingi zilizouzwa Dubai zilipata soko kubwa kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa ukubwa wa picha, PAL na SECAM hazina ugomvi. Zote mbili zilitumia mistari 625, na picha 25 kwa sekunde. Katika mistari hiyo, 576 ndiyo inayobeba picha. Mingine ilikuwa nafasi ya mionzi kurudi juu ya kioo. NTSC ni habari nyingine: mistari 525, ambayo 480 hivi ndiyo inayonaswa, na picha karibu 30 kwa sekunde. Hilo linazihusu familia ambazo ndugu zao walipokelewa Marekani au Kanada, kisha wakatuma kaseti nyumbani. Kaseti ya namna hiyo ikinaswa kwa kimo cha 576, kuna mistari 96 ambayo haina asili yake kwenye kaseti. Programu itaijaza kwa weusi, au itavuta nyuso za watu kwenda juu ili kuziba nafasi.

Kaseti na mistari yake inayocheza chini

Sony ya Japani ilitoa Betamax mwaka wa 1975. JVC, nayo ya Japani, ikatoa VHS mwaka wa 1976, na VHS ndiyo iliyoshinda sokoni. Ndani ya mashine ya VHS kuna ngoma ndogo ya chuma inayozunguka kwa kasi. Katika mfumo wa mistari 625, inazunguka mara 25 kwa sekunde. Ina vichwa viwili vya kusoma, kimoja kila upande. Kichwa cha kwanza kinasoma nusu ya picha: mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, na kuendelea. Cha pili kinasoma nusu nyingine: wa pili, wa nne, wa sita. Jicho linaziunganisha nusu hizo mbili, likaona picha moja.

Kuna mahali ambapo kichwa kimoja kinaacha na kingine kinapokea, kama wakimbiaji wanaopeana kijiti. Mapokeo hayo yanafanyika karibu na mwisho wa kila nusu ya picha, kwa hiyo mistari michache ya chini kabisa inapinda na kucheza. Haikuwa kasoro ya kaseti. Mashine zote za VHS zilifanya hivyo, na waliozitengeneza hawakuona shida kwa sababu walijua televisheni itaificha mistari hiyo nyuma ya fremu.

Kadi ya kunasa inaionyesha. Mteja anaona ukanda wa takataka chini ya picha, analalamika, na kijana anapandisha namba ya kukata chini. Hapo hana kosa, ila kuna swali la kiasi. Takataka yenyewe huwa ya mistari kumi hivi. Mwenye haraka anakata arobaini, kisha anakata vilevile juu, kushoto na kulia ili mambo yalingane. Hivyo mtoto wa mlangoni anaondoka pamoja na takataka.

Mwaka 1982: namba 720 inazaliwa

Namba inayoonekana mara nyingi katika dirisha la kadi ni 720 kwa 576. Wengi wanaiandika bila kujua ilikotoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vituo vya televisheni vilianza kugeuza picha kuwa tarakimu. Hofu ilikuwa kwamba ugomvi wa Oslo ungerudi, kila bara na kipimo chake. Safari hii wataalamu walielewana. Mwaka wa 1982, kamati ya kimataifa ya redio, CCIR, ilitoa pendekezo namba 601. Lilisema kwamba kila mstari wa picha upimwe mara milioni 13.5 kwa sekunde, iwe nchi ya mistari 625 au ya mistari 525. Kasi hiyo ilichaguliwa kwa sababu inagawanyika vizuri kwa pande zote mbili: inatoa vipimo 864 kamili kwa mstari mmoja wa Ulaya, na 858 kamili kwa mstari mmoja wa Marekani. Katika hivyo, 720 vikawekwa kwa ajili ya picha, pande zote mbili sawa.

Yalikuwa maelewano mazuri, lakini yaliacha mambo mawili yanayosumbua hadi leo.

La kwanza: ukigawanya 720 kwa 576 unapata 1.25, wakati 4 kwa 3 ni 1.33. Maana yake vitone vya picha hiyo si vya mraba. Ni vipana kidogo kuliko kimo chake. Kompyuta, ambayo vitone vyake ni vya mraba, isipoambiwa itaonyesha watu wembamba kuliko walivyo. Ili nyuso zirudi kwenye umbo lake, upana unapaswa kuvutwa hadi karibu 768 kwa kimo kilekile cha 576.

La pili: picha yenyewe haijazi vipimo vyote 720. Sehemu yenye picha katika mstari inadumu sehemu milioni 52 za sekunde, na hesabu inatoa vipimo 702. Vinavyobaki viliwekwa kama akiba pande zote mbili. Ndiyo maana video nyingi zilizonaswa vizuri zina ukanda mweusi mwembamba kushoto na kulia. Si kosa la kadi, wala si sababu ya kukata sehemu kubwa. Vitone nane kila upande vinatosha, na hata hivyo vinaweza kuachwa.

Toka ukubwa wa stempu hadi picha nzima

Kompyuta za kwanza hazikuweza kubeba picha ya 720 kwa 576. Vitone 414,720 kwa picha moja, kila kimoja kwa baiti mbili, picha 25 kwa sekunde: ni zaidi ya megabaiti 20 kila sekunde, na karibu gigabaiti 75 kwa saa moja. Apple ilipotoa QuickTime mwaka wa 1991, na Microsoft ikatoa Video for Windows mwaka wa 1992, picha ya kawaida ilikuwa 160 kwa 120, ndogo kama stempu ya barua.

Hapo ndipo sehemu ya programu inayoitwa ukubwa wa picha inayotoka ilipopata umuhimu. Kadi ilipokea picha nzima toka kwenye waya, ikaipunguza kabla ya kuipeleka kwenye diski. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Brooktree ilitengeneza kichipu cha Bt848, ambacho kilikaa kwenye kadi nyingi za bei nafuu duniani. Chenyewe kiliweza kukata kingo na kupunguza ukubwa, bila kuichosha kompyuta.

Watu wengi walichagua 384 kwa 288. Ilionekana chaguo la busara, nusu ya upana na nusu ya kimo. Lakini kimo cha 288 ndicho hasa kimo cha nusu moja ya picha, ile inayosomwa na kichwa kimoja. Kadi mara nyingi ilichukua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili. Aliyenasa kaseti namna hiyo alihifadhi nusu ya mistari na nusu ya mwendo. Kama baadaye kaseti ilitupwa au kuungua, nusu hiyo nyingine haikurudi.

Mwaka wa 1995 zilikuja kamera za DV, zilizoandika tarakimu moja kwa moja, zikatumia 720 kwa 576, na saa moja ikaingia katika gigabaiti 13 hivi. Diski zikakua, kadi zikawa vitufe vidogo vya USB vinavyouzwa sokoni. Sababu ya kupunguza picha ikaisha, lakini mazoea ya kuipunguza yalibaki.

Skrini pana na robo inayopotea

Kisha umbo lenyewe likabadilika. Sinema ilikuwa imekwisha kupanuka tangu CinemaScope ya mwaka wa 1953, ikitafuta kitu ambacho televisheni ya nyumbani haikuweza kutoa. Katika miaka ya 1980, wakati wa kutafuta umbo la televisheni mpya, mhandisi wa Marekani Kerns Powers alichora mistatili ya maumbo yote yaliyotumika, kila mmoja ukiwa na eneo lilelile, akaiweka juu ya mingine. Umbo lililokaa katikati ya yote lilikuwa karibu 1.77 kwa 1. Likaitwa 16:9. Lilikuwa suluhu kati ya 4:3 ya zamani na sinema pana, na ndilo umbo la karibu kila televisheni bapa inayouzwa leo.

Kaseti ya 4:3 ikiwekwa kwenye skrini ya 16:9, kuna njia tatu tu. Ya kwanza ni kuacha nafasi nyeusi kushoto na kulia. Ya pili ni kuvuta picha kwa upana hadi ijae. Nyuso zinakuwa pana kwa theluthi moja zaidi, na marehemu mwembamba anageuka mtu mnene ambaye wajukuu hawatamtambua. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyogeuza waya wa zamani kuwa HDMI mara nyingi hufanya hivyo bila kuuliza.

Ya tatu ni kukuza picha hadi ijaze upana, na kukata kinachozidi juu na chini. Hii ndiyo inayopendwa na wateja, maana nyuso hazipindi na skrini inajaa. Lakini hesabu yake ni kali. Katika mistari 576, inabaki 432. Mistari 144 inaondoka, robo nzima ya picha: 72 juu na 72 chini. Juu ndipo palipo vichwa vya watu waliosimama mstari wa nyuma. Chini ndipo palipo watoto waliokaa chini mbele, na ndipo mpiga picha alipoandika tarehe na mahali. Katika picha ya familia iliyopangwa kama tulivyozoea, warefu nyuma na wadogo mbele, kukata robo ni kuondoa vizazi viwili.

Namna ya kuiomba kazi vizuri

Historia hii yote inaishia kwenye maombi machache ambayo mwenye kaseti anaweza kuyatamka mbele ya kijana wa kompyuta, bila kuwa fundi.

Kwanza, mfumo uchaguliwe kabla ya yote. Kaseti ikionyesha picha isiyo na rangi, ijaribiwe katika PAL na katika SECAM kabla ya kusema imekufa.

Pili, wakati wa kunasa, namba za kukata zote ziwe sifuri. Picha inaswe nzima, 720 kwa 576 kwa kaseti za PAL na SECAM, 720 kwa 480 kwa zile za NTSC. Kimo kisibadilishwe wakati wa kunasa, kwa sababu zile nusu mbili zikichanganywa, mwendo wa watu unatoka na meno kama ya kitana.

Tatu, kukata kufanyike baadaye, kwenye nakala. Ukanda wa takataka wa chini unaweza kufunikwa kwa weusi badala ya kukatwa, na ukubwa wa picha usibadilike. Kama ni lazima kukata, namba iwe inayogawanyika kwa mbili, na kwa upande wa juu na chini inayogawanyika kwa nne ni bora zaidi. Na kabla ya kukata, mtu wa familia atazame kingo zote nne, kaseti nzima. Fundi hawezi kujua nani ni nani.

Nne, kwa nakala ya skrini pana, katika programu kama OBS, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka wa 2012, turubai ya 1920 kwa 1080 inapokea picha ya 4:3 kwa ukubwa wa 1440 kwa 1080. Nafasi nyeusi ya 240 inabaki kila upande. Hiyo nyeusi iachwe hapo. Haidai chochote, na hakuna mtu anayeondolewa.

Tano, kaseti isitupwe hata kama nakala imetoka vizuri.

Muda wenyewe si mwingi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha mwaka wa 2016. Mwaka wa 2019, mpango wa UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ulitoa tahadhari kwa dunia kuhusu kanda za sumaku: mashine za kuzichezesha zinaisha, na vipuri vyake navyo vinaisha. Tahadhari hiyo ililenga hifadhi kubwa, vyuo na redio. Ila inaihusu zaidi familia iliyo na kaseti mbili ndani ya mfuko, chini ya hema au kwa jamaa aliyewapokea, mahali ambapo unyevu na vumbi havingoji.

Hifadhi kubwa zina nakala. Familia iliyohama ina kaseti hiyo moja, na pengine kijana wa kartie atakuwa na nafasi moja tu ya kuichezesha kabla utepe haujakatika. Dirisha lenye namba litakapofunguka, inatosha mtu mmoja aulize kwa upole: "Huku pembeni, kuna nani?"